Siku Tisini za Uganda na Mizani ya Usukuma

Kuifukuza jamii nzima kutoka nchi ilikozaliwa ni tendo la serikali kabla ya kuwa tendo la chuki, kwa sababu chuki peke yake huweza kuvunja milango na kuchoma maduka, lakini haina mhuri, haina siku ya mwisho, wala haina karani wa kuandika nani abaki na nani aondoke. Kando ya Ziwa Viktoria tendo hilo lilitimizwa upande wa kaskazini, kati ya Agosti na Novemba 1972, pale serikali ya Idi Amin ilipowapa watu wa asili ya Kihindi siku 90 za kuondoka Uganda. Upande wa kusini, katika Mwanza na Usukuma, manung'uniko yaleyale ya mkulima wa pamba dhidi ya mnunuzi wa Kihindi yalikuwa yamekomaa kwa miaka mingi vilevile, lakini yalifuata njia nyingine. Ili tofauti ya pande hizo mbili ieleweke, hakuna budi kurudi nyuma karibu miaka 700, hadi Uingereza na Ufaransa za Enzi za Kati, yaani kile kipindi cha historia ya Ulaya kinachohesabiwa tangu karne ya 5 hadi ya 15, ambako Wayahudi walifukuzwa kwa amri zinazofanana na ile ya Kampala hata katika mambo madogomadogo.

Wayahudi wa Ulaya ya magharibi hawakuwa wakopeshaji kwa tabia wala kwa dini yao. Sehemu nyingi hawakuruhusiwa kumiliki ardhi, na vyama vya mafundi, ambavyo ndivyo vilivyoamua nani aruhusiwe kufua chuma, kushona au kuoka mikate mjini, viliendeshwa kwa kiapo cha Kikristo, hivyo Myahudi hakuwa na pa kuingilia. Kanisa nalo liliwakataza Wakristo kukopeshana kwa riba, yaani kudai nyongeza juu ya fedha iliyokopeshwa, ingawa wafalme, maaskofu na wakulima wote walihitaji mikopo. Kazi ambayo kila mtu aliihitaji na hakuna aliyetaka kuonekana akiifanya ikaachiwa watu ambao hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Juu ya hayo, sheria iliwahesabu Wayahudi kuwa mali ya mfalme mwenyewe, jambo lililosikika kama ulinzi, nalo kweli lilikuwa ulinzi kwa kadiri fulani, lakini maana yake halisi ni kwamba mfalme aliweza kuwatoza kodi wakati wowote na kiasi chochote bila kuliuliza baraza lolote. Aaron wa Lincoln, tajiri aliyewakopesha hata watawa waliokuwa wakijenga makanisa, alipofariki mwaka 1186, Mfalme Henry wa Pili alichukua urithi wake wote, na madeni aliyokuwa akiwadai watu yalikuwa mengi kiasi kwamba hazina ya mfalme ililazimika kuunda idara ya peke yake ya kuyakusanya. Mkulima aliyedhani anamlipa Myahudi alikuwa akimlipa mfalme kwa mkono wa Myahudi, na matusi yote yalibaki kwenye mkono ule aliouona.

Tukio la York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwezi Machi 1190 Wayahudi wapatao 150 walikimbilia ndani ya mnara wa ngome ya mfalme, wakazingirwa na kundi la wenyeji lililoongozwa na watu wa ukoo bora waliokuwa na madeni makubwa. Wengi wa waliozingirwa walijiua wao kwa wao ili wasiangukie mikononi mwa kundi hilo, na waliotoka nje kwa ahadi ya usalama waliuawa. Kisha wauaji wakaenda moja kwa moja hadi kanisa kuu la mji, ambako hati za madeni zilikuwa zimehifadhiwa, wakazichoma moto humohumo ndani. Mahubiri ya dini yalikuwa yamesikika sana katika siku zile za maandalizi ya vita vya msalaba, lakini safari ile ya kwenda kuchoma karatasi inaeleza zaidi kuliko mahubiri yote. Serikali ya mfalme nayo ilijibu kwa namna inayoonyesha ilichokiona kuwa hasara, kwani miaka michache baadaye iliagiza kila mkopo uandikwe nakala mbili, na nakala moja itiwe katika kasha rasmi lenye funguo mikononi mwa watu mbalimbali.

Uzushi ulisaidia kazi. Mwaka 1144 mtoto aitwaye William alikutwa amekufa nje ya mji wa Norwich, na baadaye yakasambazwa madai kwamba Wayahudi ndio waliomuua kwa ajili ya ibada. Madai ya namna hiyo, yaliyokuja kuongezewa kwamba walihitaji damu ya watoto wa Kikristo, yalizunguka Ulaya kwa karne nyingi bila kuthibitishwa hata mara moja. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua akiogopeshwa kwa habari za mumiani anaweza kupima mwenyewe jinsi uvumi wa damu unavyoenea, ila mumiani mara nyingi alikuwa mtu asiye na sura wala anwani, wakati uzushi wa Norwich ulikuwa na mtaa, nyumba na majina.

Mwaka 1275 Mfalme Edward wa Kwanza aliwapiga Wayahudi marufuku kukopesha kwa riba, bila kuwafungulia njia nyingine ya maana ya kujipatia riziki, na kodi alizowatoza yeye na baba yake zilikuwa zimekwisha kuwafilisi. Ng'ombe alikuwa amekauka maziwa. Tarehe 18 Julai 1290 akaamuru Wayahudi wote wa Uingereza, ambao wanakadiriwa kuwa elfu mbili au tatu, waondoke kabla ya Novemba mosi, na katika kipindi hichohicho wakuu wa nchi wakamwidhinishia kodi iliyoingiza zaidi ya pauni 110,000, fedha nyingi kupita kodi nyingine yoyote ya wakati huo katika nchi ile. Nyumba za waliofukuzwa zikawa za mfalme. Waandishi wa siku hizo wameacha habari ya nahodha mmoja aliyekuwa amewapakia Wayahudi matajiri kutoka London, akatia nanga mlangoni mwa mto Thames maji yalipokupwa, akawashawishi washuke wanyooshe miguu juu ya fungu la mchanga, kisha maji yalipoanza kujaa akapanda chomboni na kuwaambia wamwite Musa awapasulie bahari. Wote walizama, na mali yao ikabaki chomboni.

Ufaransa ilifuata mwaka 1306, wakati Philip wa Nne, akiwa na deni la vita na sarafu iliyoshuka thamani, alipowakamata Wayahudi wote kwa siku moja ya Julai, akawafukuza, akauza nyumba zao kwa mnada na kujitwalia madeni waliyodai. Wadaiwa waliokuwa wamefurahi wakagundua kwamba sasa mdai wao ni afisa wa mfalme, asiyesubiri mavuno wala kupokea udhuru, na mwaka 1315 mfalme aliyefuata akawaruhusu Wayahudi warudi, kabla hawajafukuzwa tena moja kwa moja mwaka 1394. Hispania ilitoa amri yake tarehe 31 Machi 1492, ikiwapa miezi minne na kuwakataza kutoka na dhahabu, fedha au sarafu, hata nyumba ikawa inabadilishwa kwa punda na shamba la mizabibu kwa kipande cha kitambaa. Makumi ya maelfu waliondoka, na wengi wao walipokewa katika dola ya Kiislamu ya Waturuki wa Osmani, ambako miji ya Istanbul na Salonika ilinufaika na ufundi na biashara yao.

Wahindi wa Ziwa Viktoria walifika kwa njia nyingi, ingawa kwa kawaida hutajwa reli peke yake. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, iliajiri vibarua wa mkataba wapatao 32,000 kutoka India, ambao wengi walirudi kwao na takriban 2,500 walifia kazini. Wafanyabiashara walikuja kwa njia yao wenyewe, na baadhi yao walikuwepo kabla ya reli, kama Alidina Visram, Mwismaili wa Kutch aliyefika pwani akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860, akaanzia Bagamoyo, na hadi alipofariki mwaka 1916 alikuwa amesambaza maduka kuzunguka ziwa na ndani ya Uganda. Duka la Mhindi likawa mahali ambapo chumvi, kaniki, sabuni na jembe vilipatikana, na ambapo pamba, ngozi na mpunga viliuzwa. Serikali za kikoloni ziliwazuia Wahindi kupata ardhi nzuri ya Kenya, zikawawekea vikwazo vya ardhi Buganda, na katika utumishi zikawaweka kwenye ngazi ya katikati, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika. Kwa Mwafrika nako kulikuwa na ukuta wake. Tanganyika ilikuwa na sheria ya mwaka 1923 iliyozuia wenyeji kukopeshwa, kwa hoja ya kuwalinda wasinyonywe, na matokeo yake yalikuwa kwamba mwenyeji aliyetaka kufungua duka lake hakuweza kupata bidhaa kwa mali kauli kama mshindani wake. Leseni za majineri, yaani viwanda vya kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake, zilikuwa mikononi mwa Wahindi na kampuni chache za Kizungu. Hapo ndipo mfanano na Ulaya ulipo, kwani watu walisukumwa kwenye kazi moja na sheria ambazo wao hawakuzitunga, kisha kazi hiyo ikahesabiwa kuwa ndiyo tabia yao. Wakoloni wenyewe waliwaita Mayahudi wa Afrika Mashariki, na hawakukusudia kuwasifu.

Hata hivyo malalamiko ya mkulima hayakuwa ya kuzua. Mkulima wa Kwimba au Geita aliyepalilia, akavuna na kuchambua kwa mkono pamba safi akiitenga na ile fifi, yaani ya daraja la pili yenye madoa, alibeba mzigo wake hadi kituo cha kununulia, akausimamisha mbele ya mizani iliyosomwa na mtu mmoja tu. Mnunuzi ndiye aliyetaja uzito, ndiye aliyeamua daraja, na ndiye aliyelipa. Kidole kilichoegemezwa mahali pake, au namba iliyosomwa kwa kupunguza, ilitosha kumeza kazi ya wiki nzima. Mizani iliyochezewa haikuwa na kabila, kwa kuwa makarani wengi walioisoma walikuwa Waafrika, lakini jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka lilikuwa la Kihindi.

Uamuzi uliofanywa na wakulima wa Usukuma na Ukerewe kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 ni wa kuheshimiwa sana, na haujapata nafasi unayostahili katika vitabu vya shule. Walidai wawe na wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mnunuzi. Baadaye wakaanzisha vyama vya msingi, ambavyo ni vyama vya wakulima wa eneo dogo wanaokusanya na kuuza mazao yao pamoja, na chini ya uongozi wa Paul Bomani, kijana aliyezaliwa upande wa Musoma na kukulia Mwanza, vyama hivyo viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, lililojulikana kwa kifupi kama VFCU. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 ununuzi wa pamba ya Kanda ya Ziwa ulikuwa umeingia karibu wote mikononi mwa ushirika, nao ukaanza kumiliki majineri yake, mengine ukiyajenga na mengine ukiyanunua. Mnunuzi wa Kihindi alipoteza nafasi yake bila nyumba yake kuchomwa na bila mtoto wake kutolewa shuleni. Lengo lilikuwa mizani, na mizani ikapatikana.

Kaskazini mwa ziwa mambo yalichacha. Ghasia za Buganda za mwaka 1945 na 1949 zilibeba, pamoja na madai mengine, dai la wakulima kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na mwaka 1959 kukazuka mgomo wa kususia maduka ya Wahindi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuvisaidia vyama vya ushirika kupata majineri, na baada ya uhuru serikali ya Milton Obote ikatunga sheria ya leseni za biashara mwaka 1969, hivyo njia ya polepole ilikuwepo. Idi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 alirithi nchi yenye hazina dhaifu, na yeye mwenyewe akaimaliza kwa matumizi ya jeshi, ambalo lilikuwa nguzo yake ya pekee na lilihitaji kulishwa. Oktoba 1971 akaagiza Wahindi wahesabiwe peke yao, na Desemba akawaita viongozi wao mkutanoni, akawasomea mashtaka: kwamba hawachanganyi damu na Waafrika, kwamba wanaficha fedha nje, kwamba wananyonya. Mashtaka yale yalikuwa na chembe za ukweli kuhusu baadhi ya watu, nayo yakageuzwa kuwa hukumu juu ya wote. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa mbele ya askari huko Tororo, alitangaza kwamba wataondoka, na alieleza kwamba jambo hilo alioteshwa. Siku ya mwisho ikawekwa Novemba 8.

Waliokuwa na pasipoti za Uingereza waligundua kwamba pasipoti hizo, tangu sheria ya mwaka 1968, haziwapi haki ya kuingia Uingereza moja kwa moja. Waliokuwa raia wa Uganda walipangishwa foleni za uhakiki, na wengi walifutiwa uraia kwa sababu karatasi ya kukana uraia wa zamani ilichelewa au ilikosa mhuri, wakabaki hawana nchi yoyote duniani. Kila familia iliruhusiwa kutoka na pauni zipatazo 50 na mizigo michache. Katika barabara ya kutoka Kampala kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, ambayo haizidi kilomita 40, magari yalisimamishwa kwenye kizuizi baada ya kizuizi, na askari wakafungua masanduku, wakavua bangili mikononi mwa wanawake na kuchukua saa. Anayekumbuka fungu la mchanga la mto Thames hatashangazwa na barabara ile. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka. Karibu 28,000 walipokewa Uingereza, ambako baraza la mji wa Leicester lilikuwa limelipia tangazo katika gazeti la Uganda likiwaasa wasiende huko, maelfu wakaenda Kanada na India, na waliokosa uraia wakawekwa katika kambi za Ulaya chini ya Umoja wa Mataifa.

Katika wiki zilezile za Septemba 1972 Amin alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi iliyosifu mauaji ya Wayahudi milioni sita yaliyofanywa na Hitler. Hayakuwa maneno ya nje tu. Karibu na Mbale walikuwepo Abayudaya, Waganda waliofuata dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoikumbatia mwaka 1919, na utawala wa Amin ukapiga marufuku ibada zao na kufunga masinagogi, hata wengi wakabadili dini na wachache wakabaki wakisali kwa siri. Mwezi huohuo wa Septemba, baada ya wafuasi wa Obote kuvuka mpaka kutoka Tanzania, ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwanza, mji wenye mahekalu, misikiti na jamatkhana, yaani nyumba za ibada za Waismaili, katika mitaa inayopakana, ulipigwa na serikali iliyokuwa ikijisifu kwa kuwaondoa watu wa aina moja.

Maduka, mashamba na viwanda vilivyoachwa viligawiwa maofisa wa jeshi na marafiki zao. Wananchi wa Uganda waliwapachika jina la mafuta mingi, na simulizi za wafanyabiashara wapya waliouza shehena kwa bei waliyoikuta bila kujua pa kuagiza nyingine zimekuwa za kawaida. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilizorota, na sukari ikawa bidhaa ya magendo inayovushwa kwa mitumbwi. Mkulima wa pamba, ambaye kwa jina lake vita vya uchumi, kama Amin alivyouita ufukuzaji ule, vilitangazwa, alikuta mnunuzi mpya hana fedha ya kumlipa.

Tanzania haikuwa na mikono safi katika suala hili, na si haki kuisimulia kana kwamba ilikuwa nayo. Mwezi Oktoba 1961 Julius Nyerere aliwaambia wabunge waliotaka uraia uendane na rangi kwamba njia hiyo ndiyo ya akina Hitler, akawa tayari kujiuzulu kuliko kuifuata, na mwaka 1972 alilaani waziwazi amri ya Amin kuwa ni ubaguzi wa rangi. Lakini Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971, iliyochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, iliwaangukia Wahindi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wao ndio waliojenga miji, na jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Maelfu waliondoka Tanzania miaka iliyofuata, na Mwanza ilipoteza familia zilizokaa humo vizazi vitatu. Tofauti iliyobaki ni kubwa hata hivyo: sheria ilitaja jengo bila kutaja asili ya mwenye jengo, hapakuwa na tarehe ya kuhama, na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Amir Jamal, alikuwa mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Ushirika nao haukudumu katika usafi wake. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 wakulima walikuwa wakiwalalamikia makarani wa VFCU kwa mambo yaleyale waliyowalalamikia wanunuzi wa zamani, serikali ikaingilia kati, na mwaka 1968 shirikisho likavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na ushirika wa Nyanza. Punje za pamba zilizopotea kwenye mizani hazikuwa zimeondoka na Wahindi.

Uingereza iliwaruhusu Wayahudi kukaa tena mwaka 1656, baada ya miaka 366. Hispania ilitunga sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliofukuzwa mwaka 2015. Uganda ilikuwa ya haraka zaidi, kwani kuanzia miaka ya 1980 na hasa 1990 serikali ya Yoweri Museveni iliwaita wenye mali warudi, na Kakira ikaanza tena kusaga miwa chini ya familia ya Madhvani. Lakini bodi iliyoundwa na Amin kutunza mali za Waasia walioondoka haikufungwa, na mwaka 2019 wabunge wa Uganda walikuwa bado wakiichunguza, wakiulizana ni jengo gani lilirudishwa kwa mwenyewe, lipi lililipiwa fidia, na lipi limeuzwa mara mbili kwa hati tofauti.